Gari la Kumrudisha Amponsaa

Hajia Rakiya huuza uji wa mtama na bagia za kunde pale Suame, Kumasi, kwenye kona ambapo mafundi wa injini wanapakana na mafundi wa chasisi. Kwa miezi mitatu, kila Jumatatu asubuhi, alikuwa akiiacha meza yake, anapanda siti ya nyuma ya Pijo 504 la mjomba wangu Dwumfour akiwa amepakata sufuria ya uji, na anazungushwa kwenye mashimo ya mtaa wetu mpaka sufuria iseme ukweli.

"Nimemwaga," alikuwa akisema wakirudi.

"Kiasi gani?"

"Gauni zima. Tazama mwenyewe kama macho unayo."

"Kwenye shimo au kwenye kona?"

"Dwumfour, mimi ni mwanamke mwenye wajukuu tisa. Uji unanibabua mapaja, wewe unaniuliza shimo au kona."

"Hajia, nakuomba."

"Kona," anasema Hajia huku akishuka. "Kwenye shimo umetulia kama maziwa. Kwenye kona gari limelala ubavu kama mlevi. Na uji wangu utaulipa."

Mjomba anachukua chaki, anaandika ukutani: kona. Mtaa mzima unacheka. Lakini hakuna aliyekuwa hajui uji ule ulikuwa umeshika nafasi ya nini. Ulikuwa umeshika nafasi ya nyonga ya mke wake.

Amponsaa aliteleza kwenye ngazi za soko akiwa amebeba robota la vitambaa, akavunjika nyonga ya kushoto. Hospitali walimwekea chuma. Alipotoka, ukoo wake ukaja kumchukua, na hapa kwetu hakuna aliyeona ajabu. Mgonjwa huenda kwa watu wa mama yake. Mume wake hushinda chini ya magari hadi jioni, nani angemwogesha? Kule kijijini, Bonkwaso, alikuwa na dada watatu na kaka yake mkubwa, Adusei. Wakasema miezi mitatu. Miezi mitatu ilipokwisha wakampakia kwenye teksi wampeleke hospitali kuangaliwa, na safari ile ndiyo iliyoharibu kila kitu. Kutoka Bonkwaso mpaka kwenye lami ni kilomita thelathini na nane za udongo uliokunjamana kama bati la paa. Amponsaa alilia njia nzima kwenda, akalia njia nzima kurudi, na aliposhushwa uani kwao akasema hatapanda gari tena maishani. Chuma kilikuwa mahali pake, mfupa ulikuwa umeunga, ila mwili ulikuwa umekwisha kuogopa.

Ni wakati huo mjomba alipolinunua lile Pijo kuukuu na kusema atatengeneza gari ambalo mke wake atalipanda. Injini na kutu vilimla nusu mwaka kabla ya sufuria ya kwanza ya uji.

Nieleze kidogo kuhusu mtu huyu, maana nimechoka kusikia watu wakisema fundi wa Suame ni mtu wa nyundo tu. Dwumfour aliacha shule darasa la sita. Kwa miaka thelathini amefanya kazi moja: mikono ya magari, ile mikono ya chuma iliyo chini, inayoshika magurudumu na kuyaunganisha na mwili wa gari. Anakaa kando ya barabara, anaangalia teksi inapita mara moja, anakwambia bushi gani imekufa. Mimi nimesomea uhandisi chuo kikuu, miaka minne, nikichora magari yanayotembea kwenye barabara ambazo sijapata kuziona. Katika vitabu vyetu barabara ni mstari ulionyooka. Hakuna mhadhiri hata mmoja aliyewahi kututoa nje, kilomita sita tu, atuonyeshe watu wanaoyaweka hai magari ya nusu ya Afrika Magharibi. Na ile barabara ya Bonkwaso ilikwisha kutangazwa mara mbili kwamba itawekwa lami. Mkandarasi alikuja, akaweka kibao, akapiga picha, akaondoka. Kibao bado kipo. Ningependa aliyekitia sahihi apitishwe hapo akiwa na nyonga iliyovunjika, akalale chali siti ya nyuma, halafu atusomee hotuba.

Basi. Mimi, mwenye cheti, ndiye niliyemshauri mjomba vibaya mwanzoni. Nilimwambia aweke spring laini na shokapu laini, mambo yamekwisha. Akaweka. Hajia akapanda, na ndiyo ile siku ya gari kulala ubavu kama mlevi.

"Injinia," mjomba aliniambia, hilo ndilo jina alilonipa siku nilipohitimu, na hakuwa akinisifia, "spring inaamua gari lishuke kiasi gani. Mikono ndiyo inayoamua lishukie wapi. Wewe umelainisha tumbo, mifupa umeisahau."

Akanilaza chini ya gari anionyeshe. Mkono wa mbele ulikuwa umeinama sana, kwa sababu zile spring laini zilikuwa zimeliteremsha gari. Mkono ukiinama hivyo, gurudumu likipanda jiwe haliendi juu tu. Linasukuma kando kidogo. Kidogo tu, upana wa kidole. Lakini gurudumu hili likisukuma kulia na lile kushoto, mara elfu katika kilomita moja, gari zima linatikisika kiuno.

"Mtu mzima haoni kitu," alisema. "Mwenye chuma kwenye nyonga anaona."

Akarudisha spring za kawaida, akakata za nyuma na kuziunda upya, akasogeza vishikio vya mikono mpaka ikalala karibu sawa na ardhi. Akaongeza fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, ile inayozuia gari kulala kwenye kona, lakini akachagua nyembamba, maana fimbo nene inalibeba shimo la gurudumu moja na kuligawia la pili. Kila badiliko moja, Jumatatu moja, sufuria moja. Ukuta ukajaa chaki. Jumatatu ya kumi na moja Hajia alishuka akaiweka sufuria chini, akaifuta ukingo kwa kidole, akakilamba.

"Vijiko viwili," akasema. "Na hivyo viwili ni kwa sababu nilipiga chafya. Nenda kamchukue mkeo, Dwumfour. Nimechoka kuwa mkeo."

*

Mwanamke aliyekaa kwao muda huo wote huendi kumchukua kama mzigo stendi. Unakwenda na watu wako, na chupa ya pombe ya jini, na maneno. Mama yangu, ambaye ni dada yake mjomba, ndiye angesema maneno. Ilipangwa Jumapili, kwa sababu Jumamosi Ashanti nzima iko msibani. Na ilipangwa tufike kabla jua halijawa kali, maana mzee Adusei si mtu wa kusubirishwa.

Jumamosi mjomba akafanya jambo ambalo halikuwa na lazima. Akafungua mikono yote minne aweke bushi mpya. Hataki, alisema, mke wake akalie mpira ambao umekwisha kupigwapigwa na makalio ya Hajia. Kulipokucha Jumapili mama alikuwa amesimama nje ya banda na vazi lake la sherehe, na gari lilikuwa bado juu ya jeki.

"Dwumfour, wakwe watakuwa kwenye viti saa mbili. Unataka waseme tumelala?"

"Nimemaliza. Bolti nne tu."

"Mwaka jana ulikuwa umemaliza."

Akakaza zile bolti nne, akashusha jeki, tukaondoka. Njiani niliona gari limekuwa gumu. Nikamtazama. Akasema, "Bushi mpya. Zitalainika." Mwanafunzi wake yeyote angesema maneno hayo, angemfukuza bandani.

Bonkwaso tulipewa viti, tukapewa maji, tukaulizwa njia ilikuwaje. Halafu Adusei, aliyekuwa amevaa kitambaa chake begani kama anayekwenda kuhukumu, akatuuliza kilichotuleta, ingawa ukoo wote ulikuwa unakitazama kilivyoegeshwa mlangoni.

Mama akasema vizuri. Alisema kuna jiko Kumasi limepoa, na kuna mtu anakula mkate na dagaa kila jioni kama mseja, na amekuja kuomba.

"Tumesikia," Adusei akasema. "Mkate na dagaa si sumu. Swali langu ni dogo. Mara ya mwisho dada yangu alirudi hapa hawezi hata kutaja jina lake. Shemeji, hilo gari lina nini ambacho lile halikuwa nacho?"

"Lina mimi," mjomba akasema.

Wanawake waliguna, mmoja akacheka, na hata Adusei aliangalia chini kidogo. Kisha mlango wa ndani ukafunguliwa na Amponsaa akatoka na fimbo yake, amejifunga kitambaa cheupe na buluu, nywele zimesukwa upya. Alikuwa amesema hatapanda gari tena, na hakuna aliyemlazimisha. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni mwa gari, akamtazama mume wake, akasema, "Dwumfour, nakuamini," akaingizwa siti ya nyuma, mama akakaa kando yake.

Hatukufika hata kwenye kijito kinachokata barabara. Gari lilikuwa linapiga kila kunjo la barabara kama mtu anayebisha mlango wenye kufuli. Sikugeuka, nilikuwa nasikia tu. Hakupiga kelele. Alikuwa anavuta pumzi kwa meno, na kila alipovuta mabega ya mjomba yalipanda. Kilomita mbili. Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, "Simamisha."

Mjomba alimbeba mwenyewe mikononi kumrudisha, kwa miguu, kilomita mbili, maana alikataa kurudishwa ndani ya gari. Nilikuja nyuma yao nikiliendesha tupu. Uani Adusei aliuliza jambo moja tu.

"Wewe ni fundi wa magari ya nani, shemeji?"

Mjomba alimkalisha mkewe kitini, akarudi garini. Tulirudi Kumasi na mama hakusema neno, na kwa mama yangu hiyo ni ajabu kuliko mvua ya mawe.

*

Wiki tatu hakuligusa Pijo. Alifanya kazi za watu. Hajia alimletea uji asubuhi bila kuitwa, akaukuta baridi saa sita.

Siku moja mchana, bila kuniambia kitu, akalala chini ya gari na kulegeza bolti ya mkono wa nyuma, upande wa kushoto. Nilikuwa karibu, niliona. Bolti ilipolegea mkono uliruka, kama mtu aliyekuwa amesokotwa mkono mgongoni kisha akaachiwa. Mjomba akalegeza ya pili. Ikaruka. Ya tatu. Ya nne.

Ni hivi. Kila mkono, pale unapoungana na gari, una bushi, pete ya mpira iliyobanwa kwa bolti. Ukikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, na mpira unakamatwa katika mkao huo wa kuning'inia. Ukilishusha, mikono inapanda, na mpira unasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Tangu hapo unapigana na spring. Spring inataka kubonyea, mpira hautaki. Unaweza kuwa na spring laini kuliko zote Kumasi, utakuwa umekalia jiwe. Kwa hiyo bolti zile hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa miguu yake na kubeba uzito wake. Ni somo la kwanza katika banda la Dwumfour. Amewahi kumnyima mtu cheti chake cha ufundi kwa kosa hilo. Kijana alikuwa amekwisha kununua poda ya kumwagiwa kichwani siku ya kuhitimu, akaambiwa arudi nayo nyumbani.

Mjomba alitoka chini ya gari, akajifuta mikono, akaenda katikati ya mtaa, pale mafundi wanapokula mchana.

"Nyie," akasema. "Nilikaza bushi juu ya jeki."

Walimtazama. Mtu wa welding akacheka akidhani ni mzaha.

"Nani alikaza?"

"Mimi. Jumapili ile. Nilikuwa na haraka ya kumwona."

Hakuna aliyecheka tena. Katika miaka yangu yote pale Suame, na kabla ya hapo chuoni, na baadaye ofisini mwa wakubwa, sijapata kumsikia bwana mkubwa akisimama mbele ya watu wake na kusema kosa ni langu. Nilimsikia siku ile, kutoka kwa mtu wa darasa la sita aliyevaa ovaroli iliyochanika.

Hajia ndiye aliyemjibu. "Basi kakaze tena. Unasimama hapo kama nguzo ya nini?"

"Nitakaza akiwa amekaa ndani," mjomba akasema. "Yeye mwenyewe. Wewe ni mzito mno, Hajia."

"Mungu akusamehe," Hajia akasema, "maana mimi sitakusamehe."

*

Safari ya pili hatukubeba chupa wala mama. Tulikuwa wawili, na sanduku la spana. Adusei alikuwa amekaa barazani anapasua karanga.

"Leo hujaleta hata jini," akasema.

"Nimeleta spana, shemeji. Naomba dada yako akae ndani ya gari. Haliendi popote. Akae tu, hapa hapa uani."

"Akae tu."

"Akae tu. Nikaze bolti."

Adusei alikuwa na maneno mengi, niliyaona yakimjaa mdomoni. Lakini Amponsaa alikuwa amesikia kutoka ndani. "Kukaa naweza," akasema. "Kukaa ndiyo kazi yangu siku hizi."

Tulilisogeza gari juu ya mtaro wa maji ya mvua, magurudumu kila upande, ili mjomba apate kuingia chini bila jeki. Mjomba alizilegeza kwanza bolti zote, akatoka. Amponsaa akaingizwa, akaegemea upande wake mzuri. Mjomba akateleza mtaroni kwa mgongo mpaka ikabaki miguu tu. Mimi nilikuwa nampa spana, kwa hiyo nilisikia yote. Wao walizungumza kana kwamba sipo.

"Umekaa ule mkao utakaosafiri nao?"

"Ndiyo."

"Usijisogeze."

"Nisogee niende wapi?"

Spana ikalia kidogo. Halafu mjomba akasema, "Umekonda."

"Umenionaje ukiwa shimoni?"

"Gari limeniambia. Upande wako haukushuka kama nilivyokadiria."

Kuku alikuja akatazama miguu ya mjomba, akaondoka.

"Ungekuja ungeniona kwa macho," Amponsaa akasema.

"Nimekuja."

"Mara nne. Miezi kumi na minne, Dwumfour, mara nne, na hii ya leo ni ya tano. Basi la Kumasi linafika hapa kila siku saa nane mchana. Nilijifunza honi yake. Dereva wa Jumamosi anapiga mara mbili, wa Jumapili mara moja ndefu. Nilikuwa nasogeza kiti changu nikaone nani anashuka."

"Nilikuwa natengeneza gari."

"Najua. Kila aliyeshuka kwenye basi aliniambia. Mumeo anatengeneza gari. Mumeo amebadilisha spring. Mumeo anampakia mama wa uji. Wakaniambia kama habari njema. Mimi sikuwa nangoja gari."

Niliona vidole vya miguu yake vimejikunja ndani ya kandambili.

"Kaza basi," Amponsaa akasema. "Hizo bolti hazina kosa."

Alikaza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilichukua muda mrefu, na alipotoka mtaroni uso wake ulikuwa na matope, na macho mekundu. Akasema ni kutu iliyomdondokea.

"Mara nne," akasema akiwa amesimama mlangoni mwa gari. "Niliona haya. Nije mikono mitupu, nikutazame unavyoumia, nipande basi nirudi. Nikasema nitakuja nikiwa na kitu."

"Ungekuja na mdomo. Ungeniambia mambo ya Hajia." Akavuta kitambaa chake vizuri. "Haya. Washa tuone."

Adusei alisimama, karanga zikamwagika. "Amponsaa, ulisema unakaa tu."

"Nimekaa, kaka. Sasa nimechoka kukaa."

Mjomba aliendesha, mimi nikakaa mbele. Alipita kijito kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, kisha akaongeza kidogo, akaongeza tena. Nilikuwa nimeshika mlango, nangoja ile pumzi ya meno. Barabara ilikuwa ile ile, kila kunjo lilikuwepo, niliyaona yakija. Lakini yalikuwa yanaishia chini yetu. Magurudumu yalikuwa yakipanda na kushuka kama vidole vya mpiga kinanda, na juu yake mwili wa gari ukipita kimya. Kwenye kona ya kibao cha mkandarasi gari liliinama kidogo, likasimama wima tena, bila kutikisika kiuno. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumleta hapo mhadhiri wangu kwa shingo.

Nyuma, Amponsaa alikuwa anatazama mashamba ya viazi vikuu. "Kumbe wamekata ule msitu," akasema, na hilo ndilo neno pekee kwa kilomita thelathini na nane.

Kwenye njia panda, pale lami inapoanzia, mjomba akasimamisha gari. Kumasi ni kushoto. Malori yalikuwa yanapita. Hakuzima injini, wala hakugeuka. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, na najua hakuna kitu alichokuwa anakitaka duniani zaidi ya kuikata ile kona kushoto.

"Umeumia?" akauliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nimechoka kidogo. Kuumia, hapana."

"Basi twende nyumbani."

Amponsaa alifungua mlango, akaweka mguu wake wa kushoto juu ya lami, akaukanyagia, akautazama.

"Vyumba vyetu viko ghorofani, Dwumfour. Ngazi kumi na saba. Nazo umezitengenezea spring?"

Mtu aliyesogeza vishikio vya mikono kwa upana wa kucha, aliyehesabu vijiko vya uji, hakuwa amezifikiria ngazi za mlango wake mwenyewe.

"Nitatafuta vyumba vya chini," akasema.

"Tafuta. Ukivipata nitakuja. Lakini sitaki kusikia kutoka kwa abiria wa basi kwamba mumeo anatafuta vyumba." Alirudisha mguu ndani, akafunga mlango. "Utakuja Ijumaa. Utalala, utanieleza mwenyewe umeona vyumba gani, Jumapili utarudi kazini. Ijumaa inayofuata, hivyo hivyo. Na ukija mikono mitupu, njoo hivyo hivyo."

"Nikifunga banda Ijumaa, watu watasema."

"Wacha waseme. Mimi wamenisema mwaka na zaidi."

Lori la mbao lilipita, gari letu likatikisika kwa upepo wake. Nilimwona mjomba anatazama barabara ya kushoto mpaka lile lori likawa dogo, likapotea. Sijui mtu anaweza kuwa na hamu ya nyumba kiasi gani huku mwenye nyumba amekaa nyuma yake, umbali wa mkono.

"Geuza," Amponsaa akasema. "Na uhamie huku nyuma. Injinia ataendesha."

Miaka thelathini akitengeneza magari yaende taratibu chini ya watu wengine, sijawahi kumwona Dwumfour amekaa siti ya nyuma. Alikaa kama mgeni, magoti pamoja, kofia mapajani. Niligeuza kuelekea Bonkwaso. Niliendesha polepole kuliko ilivyohitajika, maana jua lilikuwa bado juu na hakuna aliyekuwa ananiambia niharakishe.

"Hapa je?" nikamsikia anauliza, kwenye kunjo la kwanza.

"Hapa sijasikia kitu."

"Na hapa?"

"Hapa pia."

"Hili linalokuja ni baya. Hili je?"

"Dwumfour," Amponsaa akasema, "acha gari. Niambie Hajia alisema nini siku ile ya chafya."

Akaanza kumwambia.